Waliotaka Kuusimamisha Mwendo

Mwaka 1838 Louis Daguerre alielekeza kamera yake nje ya dirisha la nyumba yake mjini Paris, akapiga picha ya barabara iliyokuwa chini. Barabara ile ni Boulevard du Temple, na ilikuwa na pilikapilika kutwa: magari ya farasi, wachuuzi, wapita njia wa kila namna. Picha aliyoipata inaonyesha mapaa, safu za miti na barabara tupu. Waliokuwa wakitembea wametoweka wote. Bamba lake la shaba lililopakwa fedha lilihitaji dakika kadhaa za mwanga ili picha ishike, na hakuna mpita njia anayeganda mahali pamoja kwa muda huo. Anayeonekana wazi ni mtu mmoja, pembeni, ameinua mguu anang'arishwa viatu.

Ndivyo upigaji picha ulivyoanza: ukiwa kipofu wa mwendo. Miaka kumi na kitu kabla ya hapo, Nicéphore Niépce alihitaji saa nyingi za jua kupata picha ya mapaa yaliyoonekana kutoka dirishani kwake, na kilichojongea mbele ya lenzi katika saa hizo hakikuacha alama. Upofu huo ulichukua zaidi ya nusu karne kutibika. Walioutibu hawakuwa na ndoto ya sinema hata kidogo. Walitaka kinyume chake: kuusimamisha mwendo, kuukatakata vipande, kisha kuvikagua kipande kimoja kimoja. Sinema ilizaliwa kwao bila wao kuitafuta, na mmoja wao aliipuuza mpaka kufa kwake.

Ujanja wa kulidanganya jicho ulikwishajulikana. Mwaka 1832 Joseph Plateau, mwanasayansi wa Ubelgiji, alichora michoro kuzunguka ukingo wa duara la karatasi ngumu, kila mchoro ukitofautiana kidogo na uliotangulia, akakata matundu membamba kati yake. Ukilizungusha duara mbele ya kioo na kuchungulia kupitia matundu yale, mchezaji ngoma aliyechorwa anacheza. Simon Stampfer wa Vienna alifikia jambo hilohilo wakati uleule bila kuwasiliana naye. Picha zikipita haraka vya kutosha, jicho na ubongo haviwezi kuzitenganisha tena. Vinaziunga kuwa mwendo mmoja. Wazungu wakalifanya duara hilo kichezeo cha watoto na kuliuza madukani. Hata hivyo michoro ile ilitoka kichwani mwa mchoraji. Hakuna aliyejua mguu wa farasi au bawa la ndege hukaa vipi hasa katikati ya mwendo, maana jicho haliwahi.

Mtu aliyekerwa na udhaifu huo wa jicho kuliko wengine wote alikuwa Étienne-Jules Marey, aliyezaliwa Beaune, Ufaransa, tarehe 5 Machi 1830. Alisomea udaktari lakini moyo wake ulikuwa kwenye vipimo. Mwaka 1860 alitengeneza kifaa kinachofungwa mkononi na kuchora mapigo ya mshipa kwenye karatasi iliyopakwa masizi. Imani yake ilikuwa kwamba hisia za binadamu ni shahidi asiyeaminika, na kwamba njia ya kuujua mwili ni kuuacha ujiandike wenyewe. Akahamia kwa farasi. Chini ya kila kwato alifunga kifuko cha mpira chenye hewa. Mirija ikapanda hadi mkononi mwa mpanda farasi, aliyeshika silinda yenye karatasi ya masizi. Kila kwato ilipokanyaga chini, hewa ilisukuma kalamu na kuacha mstari. Mistari minne, miguu minne. Katika kitabu chake kuhusu mwili wa mnyama kama mashine, kilichotoka mwaka 1873, Marey aliweza kusema bila kamera yoyote kwamba farasi anapopiga shoti kuna nukta ambapo kwato zote nne ziko hewani.

Leland Stanford alifahamu kazi hiyo. Alikuwa tajiri wa reli, gavana wa zamani wa California, na mfugaji wa farasi wa mashindano. Husimuliwa sana kwamba aliweka dau la dola 25,000 ili kuthibitisha kwamba farasi hunyanyua miguu yote minne. Hadithi hiyo ni tamu, lakini hakuna ushahidi wa dau hilo. Stanford alitaka kujua jinsi farasi anavyokimbia ili amfunze vizuri zaidi, na alikuwa na fedha za kulipia jibu. Mwaka 1872 akamwendea mpiga picha maarufu wa San Francisco.

Mpiga picha huyo aliitwa Eadweard Muybridge, jina alilojitungia mwenyewe. Alizaliwa Edward Muggeridge mjini Kingston upon Thames, Uingereza, tarehe 9 Aprili 1830, wiki tano baada ya Marey. Alivuka bahari akiwa kijana, akauza vitabu San Francisco, kisha mwaka 1860 gari la farasi la abiria alilopanda lilipinduka Texas na kumjeruhi vibaya kichwani. Waliomfahamu walisema baadaye kwamba hakuwa tena mtu yuleyule. Aliporejea California alikuwa mpiga picha, na picha zake za bonde la Yosemite zilimpa sifa. Majaribio yake ya kwanza na farasi wa Stanford aitwaye Occident yalitoa kivuli tu, lakini kivuli chenye matumaini.

Kisha kazi ikakatika kwa damu. Mwezi Oktoba 1874 Muybridge aligundua kwamba mke wake Flora alikuwa na uhusiano na Harry Larkyns, na kwamba huenda mtoto aliyezaliwa nyumbani hakuwa wake. Alisafiri hadi karibu na Calistoga, akamwita Larkyns mlangoni na kumpiga risasi. Kesi ilisikilizwa Napa Februari 1875. Mawakili wake walijaribu kudai kwamba ajali ya Texas ilimharibu akili. Jopo la raia halikuukubali utetezi huo, lakini lilimwachia huru hata hivyo, kwa hoja kwamba mume aliyetendewa vile alikuwa na haki ya kuua. Hukumu hiyo inanikera kila ninapoisoma. Flora alikufa mwaka huohuo, mtoto akapelekwa kwenye kituo cha yatima, na Muybridge akapiga picha Amerika ya Kati hadi mambo yalipotulia. Wanaomsifu kama baba wa sinema mara nyingi huipitia sehemu hii mbiombio, nami sioni kwa nini.

Jaribio kubwa lilifanyika Juni 1878 kwenye shamba la Stanford huko Palo Alto. Pembeni mwa njia ya kukimbilia kilijengwa kibanda kirefu chenye kamera 12 zilizopangwa kwa mstari. Mkabala nacho palisimamishwa ukuta mweupe ulioinamishwa ili kurudisha mwanga wa jua, na njia yenyewe ikawekwa weupe, hata farasi aonekane kama umbo jeusi juu ya mng'ao. Ugumu ulikuwa kemia ya wakati huo. Kioo kilipakwa kimiminika kiitwacho kolodioni, kikatumbukizwa kwenye maji yenye chumvi ya fedha, na kilipaswa kupigwa picha na kusafishwa kikiwa bado kibichi. Kolodioni hiyo ilitaka mwanga wa sekunde nzima au zaidi, nayo ikatakiwa ifanye kazi kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Shata za kamera zilikuwa vibao viwili vyenye nafasi kati yake, vilivyovutwa na mpira na kushikiliwa na sumaku ya umeme. John D. Isaacs, fundi wa reli ya Stanford, alisaidia kubuni mfumo huo. Farasi aliyevuta kigari alipopita, gurudumu lilikanyaga nyaya zilizotandazwa njiani, umeme ukapita, vibao vikafyatuka mbele ya lenzi moja baada ya nyingine. Kwa farasi wa kupandwa zilifungwa nyuzi alizozikata kwa kifua.

Tarehe 15 Juni waandishi wa habari walialikwa washuhudie. Kwanza alipita Abe Edgington kwa mwendo wa telki, ule wa kati ya kutembea na kupiga shoti, akivuta kigari. Kisha akaja jike aitwaye Sallie Gardner akipiga shoti. Aliogopa nyuzi, akaruka, na mshipi wa tandiko lake ukakatika. Vioo viliposafishwa palepale, mshipi uliokatika ulionekana ukining'inia picha baada ya picha. Ajali ile ikageuka ushahidi: hakuna mchoraji ambaye angebuni jambo kama lile, na waandishi wakaondoka wameamini.

Na kilichoonekana kiliwaaibisha wachoraji wa karne nyingi. Katika michoro ya Ulaya farasi wa mbio hunyooshwa, miguu ya mbele mbele, ya nyuma nyuma, akielea juu ya nyasi. Théodore Géricault aliwachora hivyo farasi wa Epsom mwaka 1821. Vioo vya Palo Alto vilionyesha kwamba miguu inaponyooka vile, farasi anakuwa amegusa ardhi. Anaelea pale tu miguu yote minne inapojikusanya chini ya tumbo, umbo la ajabu ambalo hakuna aliyewahi kulichora kwa sababu hakuna aliyewahi kuliona.

Mwezi Desemba jarida la Ufaransa La Nature lilichapisha picha hizo. Marey alimwandikia mhariri wake, Gaston Tissandier, akiwa amejaa furaha, akauliza kama mpiga picha huyo angeweza kumsaidia katika suala la ndege warukao. Katika barua hiyohiyo alitaja wazo la bunduki ya kupiga picha.

Muybridge, kwa upande wake, alikuwa na kipaji cha jukwaa. Mwaka 1879 alitengeneza mashine iliyounganisha duara la Plateau na taa ya kuonyeshea picha ukutani, na tarehe 4 Mei 1880 hadhira ya San Francisco ilimwona farasi akikimbia ukutani. Inafaa kujua walichokiona hasa. Hazikuwa picha za kamera, bali maumbo yaliyochorwa kwa mkono juu ya kioo kwa kufuata picha zile, tena yamerefushwa makusudi kwa sababu mashine iliyabana. Hata hivyo watu waliona uhai. Mwaka 1881 aliipeleka Paris, akaonyesha kazi yake nyumbani kwa Marey mbele ya wanasayansi, na baadaye nyumbani kwa mchoraji Ernest Meissonier, aliyewahi kujenga reli ndogo ili asafiri sambamba na farasi na kuwatazama wanavyokimbia. Machi 1882 aliionyesha London mbele ya mwana wa malkia. Kisha likamfika pigo. Stanford alikubali kitabu kuhusu picha zile kichapishwe kwa jina la daktari J. D. B. Stillman, na jina la Muybridge halikuwamo kwenye ukurasa wa mbele. Taasisi kuu ya sayansi ya London, iliyokuwa tayari kuchapisha makala yake, ikamtilia shaka na kuirudisha. Alimshtaki Stanford, akashindwa.

Marey alizitazama picha za ndege alizoletewa na Muybridge, na hazikumridhisha. Kamera nyingi zilizopangwa mstari humwona mnyama kutoka sehemu nyingi tofauti, na muda kati ya picha hautabiriki, maana mnyama ndiye anayezivuta nyuzi. Marey alitaka jicho moja na saa moja. Alikwisha kuona mfano. Desemba 1874 mwanaastronomia Jules Janssen alikwenda Nagasaki, Japani, kuitazama sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua, naye alibeba kifaa chenye bamba la duara lililozunguka hatua kwa hatua na kunasa picha 48 kwa muda wa sekunde 72 hivi. Janssen alitaka kujua tu ni saa ngapi hasa Zuhura inagusa ukingo wa jua.

Kutokana na mfano huo Marey aliunda bunduki yake mwaka 1882. Ilikuwa na kitako, mtutu wenye lenzi ndani, na kioo cha duara kilichopokea picha 12 kwa sekunde, kila moja kwa sehemu moja ya 720 ya sekunde. Aliibeba ufukweni Naples, alikokuwa akikaa majira ya baridi, akawa anawalenga shakwe na kurudi nyumbani bila ndege hata mmoja. Wenyeji wa Posillipo walimwona mwendawazimu.

Mwaka huohuo alifungua kituo chake cha utafiti ukingoni mwa msitu wa Boulogne, Paris, msaidizi wake akiwa Georges Demenÿ. Walipiga picha nyingi za mtu mmoja kwenye kioo kimoja, mbele ya banda lenye giza totoro. Picha zilipopandana wakamvika mkimbiaji nguo nyeusi tii na kumbandika mistari myeupe kwenye mkono na mguu, hata kikabaki mchoro wa mistari tu, mwili umegeuka hesabu. Lakini kioo kina ukingo. Tarehe 29 Oktoba 1888 Marey aliionyesha Akademia ya Sayansi ya Paris ukanda wa karatasi uliopita nyuma ya lenzi moja na kusimama kwa kila picha, picha 20 kwa sekunde. Baadaye akatumia seluloidi. Lenzi moja na mkanda unaokwenda na kusimama: kamera ya filamu ilikuwa imekamilika karibu yote.

Mwaka 1894 aliitumia kwa paka. Alimwangusha kichwa chini miguu juu, akampiga picha 60 kwa sekunde, akionyesha jinsi anavyojigeuza hewani na kutua kwa miguu bila kujisukuma popote. Wanataaluma waliona jambo hilo linapingana na kanuni za mekanika na wakashuku kwamba paka alijisukuma kwenye mikono iliyomshika. Picha zilionyesha sivyo: paka huzungusha nusu ya mbele kwanza huku ya nyuma ikiwa imenyooshwa, kisha nyuma ikafuata.

Sayansi hii ina upande ambao msomaji wa Afrika hawezi kuupita. Muybridge, katika kazi yake kubwa ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania iliyotoka mwaka 1887 ikiwa na mabamba 781, alimpiga picha bondia mweusi Ben Bailey mbele ya ukuta wenye mistari ya miraba kama karatasi ya hesabu. Na mwaka 1895 daktari Félix Regnault, akitumia kifaa cha aina ya Marey, aliwapiga picha Waafrika wa magharibi waliokuwa wameletwa Paris kuonyeshwa kwenye maonyesho ya Champ-de-Mars; miongoni mwao alikuwamo mwanamke wa Kiwolofu akifinyanga chungu. Regnault alitaka kupanga miendo ya binadamu kwa rangi zao. Mkono wa yule mfinyanzi ulijua kazi yake kuliko nadharia yoyote ya daktari, na ukanda umeuhifadhi. Kabla sinema haijafunguliwa mlango kwa watazamaji, tayari Mwafrika alikuwa mbele ya lenzi, na hakuulizwa anaonaje.

Mengine yalikwenda haraka. Louis Le Prince, Mfaransa aliyeishi Leeds, alipiga kwa lenzi moja kipande cha sekunde mbili hivi cha jamaa zake bustanini Roundhay, tarehe 14 Oktoba 1888. Mama mkwe wake, Sarah Whitley, anayeonekana akizungukazunguka, alifariki siku kumi baadaye. Septemba 1890 Le Prince alipanda treni Dijon kwenda Paris na hakuonekana tena. Thomas Edison alitembelewa na Muybridge Februari 1888, na Agosti 1889 akakutana na Marey mjini Paris. Aliporudi Marekani aliacha silinda za kunasia picha alizokuwa akizijaribu, na mfanyakazi wake W. K. L. Dickson akakamilisha mkanda wa milimita 35 wenye matundu manne kila upande kwa kila picha. Matundu hayo ndiyo yaliyokosekana kwa Marey: bila hayo picha hazipangiki sawasawa, na ukizirusha ukutani zinatikisika. Lakini mashine ya Edison iliyofunguliwa kwa umma New York Aprili 1894 ilikuwa sanduku la kuchungulia mtu mmoja mmoja.

Antoine Lumière aliliona sanduku hilo Paris, akawahimiza wanawe wa Lyon, Auguste na Louis, waitoe picha sandukuni. Louis alipata jibu katika cherehani, kwenye chombo kinachovuta kitambaa, kukiacha, na kukivuta tena. Tarehe 28 Desemba 1895, katika ukumbi wa chini wa Grand Café mjini Paris, watu 33 walilipa faranga moja kila mmoja kuzitazama picha hizo ukutani. Miezi sita kabla ya hapo, Juni 1895, akina Lumière walikuwa wamewapiga picha wajumbe wa mkutano wa wapiga picha huko Lyon, na mmoja wa waliosimama mbele ya kamera alikuwa Janssen.

Marey hakuvutiwa. Demenÿ, aliyetaka kufanya biashara na picha hizo, alikwisha kutengana naye mwaka 1894. Mwaka 1899 Marey aliandika kwamba picha inayoonyesha kile jicho linachokiona tayari haijaongeza chochote kwenye maarifa, hata iwe nzuri vipi. Yenye faida ni ile inayopunguza au kuongeza kasi hata tuone tusichoweza. Muybridge alifariki Kingston tarehe 8 Mei 1904, na Marey akamfuata Paris wiki moja baadaye.

Ubao wa heshima wa sinema kwa kawaida huanza na Muybridge, kwa sababu picha zake ni nzuri na maisha yake ni kisa. Mimi namtanguliza Marey. Muybridge alizidisha kamera. Marey alizipunguza hadi moja, akaipa saa, akaipa mkanda, na kila kamera ya filamu iliyofuata ilijengwa juu ya uamuzi huo. Tena hoja yake ya mwaka 1899 haijashindwa. Mwaka aliokufa, mwanafunzi wake Lucien Bull alikuwa tayari anapiga picha zaidi ya 1,000 kwa sekunde za mabawa ya wadudu, na ni kwa njia hiyo, ya kupunguza kasi ili jambo lionekane, ndivyo waamuzi wa michezo, wahandisi na wanabiolojia wanavyofanya kazi hadi leo.